Muulize Fundi: Simu inajua upo, haijui ni wewe

Desemba hii kikapu cha maswali kimejaa habari moja tu, simu kuibiwa na hela kutoka kwenye simu, nadhani ni msimu maana watu wanapanda kwenda Moshi kula sikukuu na vibaka nao wanapanda. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kidogo, mnivumilie, mengine ntaenda mbio.

*Fundi habari za kazi. Mi nauza nguo za watoto Kilombero hapa Arusha. Jumamosi jioni nilikuwa nimesimama nasubiri kifodi cha Ngaramtoni, simu mkononi namjibu mteja, jamaa wa pikipiki akapita akaikwapua. Nimekimbilia kwa jirani niazime simu nipige mtandao wafunge laini, mpaka nakuja kuunganishwa laki tatu na nusu imeshatoka. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa na saa janja mkononi imeungana na simu kwa Bluetooth, mwanangu ndo aliniset akaniambia mama sasa hivi simu yako inajua kama iko karibu na wewe. Sasa ilijua nini? Na kitambulisho changu cha NIDA nacho kimeenda maana huwa nakiweka nyuma kwenye kava. Je kuna simu inayoujua mwili wa mwenyewe ikakataa kutoa hela ikiwa kwa mtu mwingine?*
*Mama Wawili, Kilombero*

Shikamoo mama, na pole sana, hiyo ni hela ya mzigo kabisa.

Tuanze na mwanao, usimgombeze, alikuwa na nia nzuri ila kile alichokuset kinafanya kazi kinyume na alivyokuambia. Kwenye Android kuna kitu zamani kiliitwa Smart Lock, siku hizi wanakiita Extend Unlock, na kazi yake sio kuilinda simu, kazi yake ni kukupunguzia usumbufu wa kuandika pini kila dakika. Ukishaifungua mara moja asubuhi inabaki wazi muda wote inapoiona ile saa yako kwa Bluetooth. Sasa Bluetooth haipimi karibu kama sisi tunavyosema karibu. Ndani ya nyumba mita kumi inafika bila shida, na Google wenyewe wanaonya kwamba kwa vifaa vingine inaweza kufika mpaka mita 100, maana yake yule jamaa kakwapua, kavuka barabara, pengine kashafika kwenye vibanda vya matunda huko, simu bado inaiona saa yako na bado inasema mama yupo, nikae wazi. Saa yako mama ndo ilimfungulia mlango mwizi, inauma lakini ndo hivo.

Kuna nyingine ilikuja 2015, hiyo ndo watu wanaisimulia kwamba simu "inajua mwili". Inatumia sensa (sio ile ya kuhesabu watu ya 2022, hii ni kidude kidogo ndani ya simu kinachohisi kitu). Kuna sensa ya mwendo inaitwa akselerometa, ndo hiyo hiyo inayogeuza picha ukilaza simu na ndo inayohesabu hatua. Simu ikiwa mkononi au mfukoni inatikisika kidogo kidogo muda wote, ukiiweka mezani inatulia kabisa, basi ikitulia inajifunga, ikiendelea kutikisika inabaki wazi. Wazo zuri. Tatizo mwizi naye ana mwili, mfuko wake na mfuko wako kwa sensa ni mfuko tu, na Google hilo hawajalificha, wameandika kabisa kwamba ukimpa mtu mwingine simu ikiwa wazi inaweza kubaki wazi mkononi kwake.

Mi nimetengeneza simu miaka mingi na msimamo wangu kwenye mambo haya ni mmoja: sensa ya mwili na ya ukaribu uitumie kufunga, usiitumie kufungua. Kusema "sijamuona mwenyewe, nafunga" hapo hata ikikosea hasara yake ni kuandika pini upya. Kusema "nimemuona mwenyewe, nafungua" ikikosea hapo ndo laki tatu na nusu inapoondoka. Kwa hiyo simu yako mpya ukinunua hiyo Extend Unlock zima yote, kisha nenda kwenye setingi za Google utafute ulinzi wa wizi, kuna kitu kilitoka 2024 kinaitwa Theft Detection Lock, kinaingia kwenye Android 10 kwenda juu. Hicho kinatumia sensa ile ile ya mwendo lakini kwa upande ninaoupenda mimi, kinasikilizia mstuko wa kukwapuliwa na mkimbio unaofuata wa miguu au pikipiki, kikihisi hivyo kinafunga kioo hapo hapo. Hakipatii kila mara, na ukikimbilia kifodi ukajikwaa kinaweza kukufungia wewe mwenyewe, sawa tu. Hapo hapo washa na ile ya kufunga kwa mbali, ukiibiwa unaazima simu yoyote yenye intaneti unaingia android.com/lock unaandika namba yako inajifunga, lakini iwe umeiwasha kabla, baada ya kuibiwa umechelewa.

Haya, sasa nakuja kwenye jambo ambalo hujaniuliza na ndo lililokumaliza.

Hata ungekuwa na simu ya milioni tatu inayosoma uso, kidole na mapigo ya moyo, pesa yako ya mtandao haikai kwenye simu, na ukipiga ile menyu ya nyota na reli sio simu inayokuuliza namba ya siri, ni mtandao. Simu pale inachora kadirisha tu. Mtandao haujui kama simu iko mkononi mwako au iko mtaa wa Unga Limited kwa mwizi, haujui kama sensa imeona nini, na hata laini ikichomolewa ikawekwa kwenye kitochi cha elfu ishirini na tano menyu inafunguka vilevile, unachoangalia ni laini ipi inapiga na tarakimu nne zilizoandikwa. Ndo maana menyu hiyo inafanya kazi mpaka kwenye simu ya batani na ndo uzuri wake, bibi yangu kule Marangu anapokea hela bila simu janja, ila ndo hapo hapo palipo na tundu. Unaweka kitasa cha kidole mlango wa mbele, mlango wa nyuma kuna komeo.

Hujaniandikia namba yako ya siri ilikuwa nini, na usiniandikie, lakini nikisia tu: mwaka wako wa kuzaliwa? Au wa mtoto? Maana kitambulisho kilikuwa nyuma ya kava, na namba ya NIDA yenyewe inaanza na mwaka, mwezi na tarehe uliyozaliwa, mwizi halazimiki hata kuwa mjanja, anasoma tu. Kama sio hivyo basi kuna mtu alikuchabo ukiwa unalipa sokoni siku hiyo, nao ni mchezo wa kila siku, mmoja anatazama namba mwingine anakwapua.

Kwa hiyo ukirudisha laini fanya hivi. Nenda setingi, sehemu ya usalama, utafute pini ya laini yenyewe, sio ya simu, ni vitu viwili tofauti na watu wengi hawajui kama ipo. Ukiiwasha, mtu akichomoa laini yako akaiweka simu nyingine haiwaki mpaka aandike hiyo pini, akikosea mara tatu inadai PUK, ile namba ndefu ya kufungulia laini, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa jumla. Tafadhali usibahatishe pini ya kuanzia, waulize mtandao wako kwanza, nimeletewa laini za kutosha zilizojifunga kwa kubahatisha. Simu ikiwa inakubali laini ya ndani isiyochomoleka, ile wanaita eSIM, bora zaidi. Kitambulisho kikae pochini. Namba ya siri isiwe mwaka wa mtu yeyote. Na hela ya mzigo isilale kwenye laini unayotembea nayo barabarani, kuwa na laini nyingine ikae nyumbani kwenye kitochi, hapo mwizi atapata nauli tu. Kwa sasa hivi piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako maana kitambulisho kiko mtaani, na ile namba iliyopokea hela yako itume 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Simu inayoujua mwili wako kabisa kabisa ikakataa mtu mwingine? Hilo limejibiwa kidogo huko chini kwa dogo wa Sakina.

*Niaje fundi. Mi natembeza wageni, nipo Njiro. Juzi mgeni wangu Mholanzi tukiwa lodge Karatu kalipa bili kwa saa, kaisogeza tu kwenye mashine ikalia tii basi kamaliza. Nikamuuliza hapo mtu akipita na mashine karibu na mkono wako akaondoka na hela itakuwaje akacheka. Nami nina kadi ya benki ina alama ya yale mawimbi, nikipanda basi la kwenda Moshi tunabanana, si mtu atapitisha mashine kwenye mfuko wangu?*
*Dereva wa Wageni*

Arifu, mgeni wako kacheka kwa sababu saa yake ni ngumu kuliko kadi yako, wewe ndo usicheke.

Hiyo tii inaitwa NFC, ni waya mwembamba umezungushwa kama koili ndani ya mashine na mwingine ndani ya saa, mashine inatoa umeme wa sumaku kwa mawimbi ya megahezi 13.56 na hayo yanafika kama sentimita 4 tu ndo maana lazima usogeze karibu kabisa. Huo ufupi wenyewe ni ulinzi, tofauti kabisa na ile Bluetooth ya Mama Wawili. Ila kadi yako haina betri wala akili ya kuuliza, inaamshwa na umeme wa mashine na inamjibu yeyote aliyesogea, na kwa malipo madogo mashine nyingi haziulizi pini. Ukiwa na wasiwasi iviringishe karatasi ya fedha ya pakti ya sigara, usicheke, mawimbi hayo hayapiti hapo. Japo kusema ukweli mwizi wa mashine lazima awe amesajiliwa kama mfanyabiashara hela iingie mahali, na wa kwenye basi letu bado wanaona wembe una faida zaidi.

Sasa saa ya Mholanzi. Nyuma ya saa kama Apple Watch kuna vitaa vya kijani, damu inanyonya mwanga wa kijani, kila moyo ukidunda damu inaongezeka kwenye mkono mwanga unaorudi unapungua, saa inahesabu. Hiyo hiyo inayopima mapigo ndo inayojua kama saa iko kwenye ngozi. Asubuhi akiivaa anaandika pasikodi mara moja, kuanzia hapo saa haihangaiki kumtambua ni nani, inachofanya ni kuangalia tu kama imevuliwa. Ikivuliwa inajifunga na malipo yamekwisha mpaka iandikwe pasikodi tena. Toka 2015 iko hivyo na kwangu mimi hii ndo akili kubwa kuliko zote kwenye habari hii yote ya mwili na malipo, kwa sababu haijidai kukujua. Inasema tu, aliyeandika pasikodi asubuhi na mkono huu ni kitu kimoja, hakijakatika katikati. Juu ya hapo lazima abonyeze kitufe mara mbili ndo ilipe, na namba inayopewa mashine sio ya kadi yake, ni namba mbadala yenye msimbo wa mara moja, ukiidaka haikufai.

Kuna ujanja mmoja lakini. Wawili wanashirikiana, mmoja anasimama karibu na mfuko wako ana kidude, mwenzake yuko dukani kwenye mashine ana kidude kingine, vinapelekeana mawimbi kwa intaneti kama watoto wanaonong'onezana darasani, mashine inaamini kadi iko sentimita 4 kumbe iko mtaa wa pili. Ulaya wanaiba magari hivyo, ufunguo uko sebuleni gari linawaka nje. Kwa hiyo hata "karibu" ya NFC inaweza kudanganywa, na "karibu" ya Bluetooth ndo kabisa, maana yenyewe inakisia umbali kwa kupima nguvu ya mawimbi, ukiyakuza inaona uko karibu. Hata bila mwizi inachanganyikiwa, mawimbi yake ni ya gigahezi 2.4, jirani kabisa na ya oveni ya maikrowevu, na mwili wa mtu ni maji mengi, unayameza. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na saa mkono wa mbele vinaweza kuonana kama viko mbali wakati vyote viko kwako.

Dawa yake ipo, inaitwa UWB, iliingia kwenye iPhone 11 mwaka 2019 na Samsung Galaxy Note20 Ultra 2020. Hii haipimi nguvu, inapima muda. Wimbi la redio linakwenda kilomita laki tatu kwa sekunde, kutoka hapa Arusha mpaka Moshi kama kilomita 80 linafika kwa kama robo ya sehemu ya elfu ya sekunde, ukiligawa zaidi unakuta kwa nanosekunde moja (sehemu ya bilioni ya sekunde) linakwenda sentimita 30 hivi. Simu inatuma, inahesabu mpaka jibu lirudi, inajua uko umbali gani kwa kukosea sentimita chache. Wale wawili wa kunong'onezana hapo wamekwama, nguvu ya mawimbi unaweza kuiongeza lakini muda uliokwisha tumika njiani huwezi kuurudisha. Kwa malipo bado haijasambaa, imeanza zaidi kwenye funguo za magari.

*Oya fundi, nimenunua saa ya elfu 25 pale stendi inapima moyo. Si kila mtu ana moyo wake? Sa kwa nini nisilipe mafuta kwa moyo wangu, ikiibiwa iwe kazi bure?*
*Boda wa Sakina*

Dogo wazo lako sio la kijinga, kuna watu walilifanya. Kampuni moja ya Toronto, Kanada ilitangaza bangili 2013 inaitwa Nymi, na 2015 ikajaribiwa kulipia kwa kadi za benki huko huko. Lakini angalia, hiyo haikuhesabu mapigo, ilisoma umeme wa moyo, ile ECG wanayokuwekea hospitali ya KCMC kifuani, mchoro wake unatofautiana kidogo mtu na mtu kwa umbo na mkao wa moyo. Na hata yenyewe ilisoma mara moja ukiivaa, baada ya hapo ikawa inaangalia tu kama haijavuliwa, unaona inarudi kwenye habari ya Mholanzi?

Saa yako ya stendi inahesabu mwanga tu, basi. Fanya hivi, nunua chungwa, lifunge saa vizuri, washa kupima. Saa nyingi za bei hiyo zitakupa sabini na kitu na chungwa lina afya njema kabisa. Sasa kama mashine ya sheli ingekubali moyo wako ingekubali na chungwa. Endelea na keshi.

*Fundi mi nipo Majengo, Moshi. Mume wangu nikishalala anachukua kidole changu anafungua simu anaingia kwenye apu ya benki, asubuhi nakuta elfu kumi, elfu ishirini haipo na ananiambia labda ni makato. Simu si inatakiwa ijue nimelala?*
*Nimechoka*

Dada yangu la ndoa mpelekee mshenga, mi ntajibu la simu.

Sensa ya kidole haijui umelala, inasoma mistari ya ngozi na ngozi hailali. Ya uso kwenye iPhone ina nafuu, kwa kawaida inataka macho yafumbuke na yatazame kioo, hivyo ukiwa usingizini itakataa. Kwa kidole kuna njia mbili. Ya kwanza ndani ya apu ya benki yenyewe, zima alama ya kidole ubakize namba ya siri, kidole kibaki cha kufungulia simu tu. Ya pili ni ya kila usiku kabla hujalala, Android nyingi ukishika kitufe cha kuzimia utaona sehemu imeandikwa Lockdown, ukiigusa vidole na uso havifanyi kazi mpaka iandikwe pini, kama haionekani basi zima simu kabisa maana ikiwaka lazima idai pini kwanza. Kwenye iPhone unashika kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti mpaka kije kile cha kuslaidi kuzima, kisha ghairi, nayo imeshajifunga hivyo hivyo.

Na ukiwa huko kwenye setingi fungua orodha ya vidole uvihesabu. Mwezi uliopita dada mmoja aliniletea simu na malalamiko kama yako, nikakuta mna vidole vitatu na yeye ameset kimoja.